Zamu ya usiku inashuka, ya asubuhi inapanda: ambulensi anaiosha nani?

MtuWaZamu
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni muuguzi kwenye hospitali moja ya wilaya huku kusini, jina naliacha. Gari la wagonjwa linalotembea tunalo moja tu, Land Cruiser hardtop. Jumatatu saa moja kasoro robo asubuhi nimeingia zamu, ripoti sijamaliza hata kupokea, simu ikaita kutoka kituo cha afya: kuna mama ana kifafa cha mimba, afuatwe haraka.

Nikakimbilia gari. Kufungua mlango wa nyuma, harufu ikanipokea kabla sijapanda. Usiku walibeba majeruhi wa bodaboda. Damu imegandia kwenye reli za machela, glavu mbili zimetupwa chini ya benchi, na godoro la machela lina mpasuko wa urefu wa kiganja. Nilipolibonyeza, sponji ilitoa maji mekundu. Geji ya oksijeni mshale umelala chini. Nikatandika mpira juu ya mpira, nikaomba mtungi wodini, tukaondoka. Mama alifika, mtoto yupo, namshukuru Mungu. Lakini dakika ishirini zilipotea pale pale uani, gari halijawashwa.

Niliporudi nikauliza nani alitakiwa kulisafisha. Dereva akasema yeye kaajiriwa kuendesha. Muuguzi wa usiku akasema alishuka na mgonjwa hadi chumba cha upasuaji na zamu ikamwishia huko. Dada wa usafi akasema hajawahi kuonyeshwa kwamba gari nalo ni eneo lake. Na wote watatu walikuwa wanasema kweli! Ndiyo maana naleta hapa. Kwenu anasafisha nani, na kwa utaratibu gani?

DerevaWaMasafa
Pole sana dada. Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa mwaka wa 14 huu. Nisikilize na upande wetu.

Miaka ya nyuma nilikuwa naosha mwenyewe bila kuambiwa. Siku moja napitisha mkono chini ya benchi kuvuta kitambaa, sindano ikanichoma kidole cha kati. Mtu alitoboa dripu njiani akaiacha pale. Nilikunywa dawa za kinga siku 28. Kichefuchefu kile sikisahau, na mke wangu nilimwambia baada ya wiki. Nilipouliza chanjo ya homa ya ini, jibu likawa orodha ni ya watumishi wa afya na mimi ni dereva. Sasa niambie, nikisema kazi yangu ni usukani nimekosa wapi?

MkungaMstaafu
Pole baba. Hukukosa. Aliyeacha sindano ndiye aliyekosa.

Wakati wetu tulikuwa na kanuni moja: aliyefungua kitu garini ndiye anayekirudisha. Muuguzi hashuki mpaka kahesabu. Nami nilijifunza kwa uchungu. Nilizalisha njiani, mtoto katoka kachoka, kinywa kimejaa ute. Navuta mashine ya kufyonzea, chupa yake ina makamasi ya mgonjwa wa jana yamekauka kama gundi, mpira umeziba. Nilitumia pampu ndogo ya mkono iliyokuwa kwenye kifurushi cha kujifungulia. Mtoto alilia. Tangu siku ile, kitu cha kwanza nikipanda gari ni kuwasha ile mashine na kuziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba. Ikivuta ngozi, twende. Isipovuta, sitoki.

Chuma_Hakilali
Shikamoo mama. Hicho kidole gumba nimekihifadhi.

MkungaMstaafu
Marahaba mwanangu.

Bi_Famasia
Kabla hamjaanza kutoa hesabu za Jik kila mtu na yake, maana najua zinakuja...

Kijana_wa_Mbozi
Sisi tunatumia kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe kumi vya maji, tunapuliza gari zima kwa bomba la kupulizia kahawa, dakika tano tunafunga milango. Inanukia kabisa usafi.

Bi_Famasia
Si nimesema zinakuja? Mdogo wangu wa Mbozi, kwa nia njema kabisa, hapo yapo makosa matatu.

La kwanza ni kipimo. Kwa damu tunataka klorini ya asilimia 0.5. Kama chupa imeandikwa 3.5, kikombe kimoja cha Jik kinachanganywa na vikombe sita vya maji, siyo kumi. Chupa ikiwa ya asilimia 5, ni kimoja kwa tisa. Chukua namba ya kwenye chupa, gawa kwa 0.5, toa moja, unapata vikombe vya maji. Msikariri kipimo cha jirani, someni lebo.

La pili, kupuliza. Klorini ikikuta damu au tope inaishia kupambana na huo uchafu, wadudu wanabaki chini wamejificha. Futa kwanza kwa kitambaa unachokitupa, osha kwa maji na sabuni, ndipo upake klorini kwa kitambaa kilicholowa. Iache dakika kumi ikiwa bado mbichi, kisha suuza kwa maji safi. Ukipuliza unairudisha damu hewani, na wewe unaivuta.

La tatu, kufunga milango. Fungua yote, pande zote, hewa na jua viingie. Ukishabeba mgonjwa wa kifua kikuu hewa ndiyo dawa yako.

Dawa uliyochanganya leo ni ya leo, kesho imwage. Na kamwe usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi wala na siki. Inatoa gesi ya sumu, na ndani ya kiboksi kama kile cha hardtop itakuangusha.

Kijana_wa_Mbozi
Asante dada. Hiyo ya kupuliza tuliikuta, hakuna aliyewahi kutueleza.

FundiGereji_Mwz
Kwenye kusuuza niongezee. Magari ya wagonjwa yanayoletwa kwangu nayajua kwa kutu. Miguu ya machela imeliwa, vifungo vya mkanda haviingii, bawaba za mlango wa nyuma zinalia. Hiyo ni klorini iliyopakwa ikaachwa. Dakika kumi zikiisha, maji, halafu kitambaa kikavu. Mashine ya presha ni ya nje na chini ya gari. Msiingize ndani, mnalowesha nyaya za taa na soketi, kesho mnaniita eti gari linapiga king'ora lenyewe.

Ila mleta mada, nakupinga kidogo. Unalia na damu, na ni haki. Lakini magari mengi hayakwami njiani kwa damu. Yanakwama kwa sababu hakuna anayefungua boneti. Hospitali zinahesabu kilomita 5,000 ndipo zibadili oili. Gari la wagonjwa linasimama mlangoni linaunguruma saa nzima ili taa na oksijeni vifanye kazi, kilomita haisogei hata moja ila injini imechakaa kama iliyotembea. Oili inatoka nyeusi kama lami na dereva anakuapia bado elfu mbili! Na ule mkanda wa taimingi wa injini ya 1HZ, ile ya dizeli ya Land Cruiser hizi, mimi nabadili kila kilomita 100,000, simsubiri mtu aniambie bado mzima. Ukikatika usiku porini, hata gari liwe linang'aa kama sahani, mgonjwa wako hafiki.

DerevaWaMasafa
Fundi umeongea. Ongeza betri. Vimulimuli, redio, chaja ya mashine, vyote vinakunywa gari likiwa limezimwa. Asubuhi unapiga stata inajibu tik tik tik. Nimewahi kusukumwa na ndugu wa mgonjwa, na mgonjwa yumo ndani.

Kwetu_Kagera
Mimi naona mnazunguka. Tatizo ni kwamba watu hawaogopi mpaka waone. Mlipuko wa homa ya virusi vya Marburg ulipoingia kwetu Bukoba 2022, gari lilikuwa linaoshwa kila safari, mtu kavaa gambuti, aproni na miwani, mwenzake amesimama pembeni anamsomea hatua moja moja. Hakuna aliyeuliza ni kazi ya nani. Mlipuko ukaisha, mwezi mmoja baadaye tumerudi kwenye ndoo moja na dekio la wodini.

Bi_Famasia
Marburg ya Bukoba ilitangazwa Machi 2023, siyo 2022. Ilitangazwa kwisha mwanzoni mwa Juni mwaka huo huo. Ya pili ilikuwa Biharamulo, Januari 2025.

Kwetu_Kagera
Kweli, ni 2023, nimesahihishwa. Waliougua walikuwa tisa, sita wakatutoka, na kati yao walikuwamo watumishi wa afya. Ndiyo maana inaniuma nikiona glavu chini ya benchi. Virusi vya homa ya ini B vinaishi kwenye damu iliyokauka siku saba na zaidi, na hakuna anayevitangaza redioni.

Mwalimu_Nachi
Samahani, mimi siyo mtu wa afya, ni mzazi tu. Swali langu: gari lenyewe linafanya kazi ngapi? Kwetu nimeliona limebeba magunia ya mahindi ya semina, limebeba viti, limepeleka maiti kijijini, jioni linabeba mjamzito. Utasafishaje kitu ambacho hakipumziki? Mimi nasema chanzo ni matumizi, siyo usafi.

Mtumishi_Kimya
Mwalimu, ukiwa na gari moja na kituo hakina dawa, utaacha dawa bohari kwa sababu gari ni la wagonjwa? Mimi ndiye ninayepanga hizo safari. Silali vizuri, lakini sioni njia nyingine. Chanzo ni uhaba. Pakiwa na magari mawili, moja linaoshwa jingine linatoka. Pakiwa na moja, kila dakika ya kuosha ni dakika ambayo simu inaweza kuita.

MtuWaZamu
Mtumishi Kimya nakuelewa, lakini Jumatatu sikukosa gari. Gari lilikuwepo, likatuchelewesha dakika ishirini. Kuosha kungechukua muda huo huo, na ungekuwa muda wa usiku, simu haijaita.

Mtumishi_Kimya
Hapo sina jibu la haraka.

Mzee_wa_Tongoni
Kuhusu maiti. Huku kwetu Tanga gari likibeba marehemu, wako wagonjwa wanaokataa kulipanda mpaka lifukizwe udi. Dereva wetu alikuwa na chetezo chake kabisa chini ya kiti.

Bi_Famasia
Mzee wangu, udi unatoa harufu na unampa mgonjwa utulivu, sitauzuia. Lakini uje baada ya sabuni na klorini. Na si ndani ya gari lenye oksijeni! Chetezo kina kaa la moto.

Mzee_wa_Tongoni
Hilo la oksijeni hatukuliwaza hata siku moja. Nitamfikishia.

FundiGereji_Mwz
Na kwenye oksijeni hiyo hiyo, nawaomba kwa dhati: msipake grisi wala mafuta kwenye nati za mtungi eti zinakaza. Mkono wenye oili usiguse regyuleta. Mafuta na oksijeni ya presha vikikutana vinawaka bila kiberiti.

Nipo_Leicester
Habari za nyumbani. Nipo Uingereza, nimefanya kazi kwenye kituo cha ambulensi kama mwandaaji wa magari. Hiyo ilikuwa ajira kamili, siendeshi wala sitibu. Gari linaingia chafu, wahudumu wanakabidhi, wanachukua jingine lililo tayari. Sisi tunaosha, tunajaza dawa na vifaa, tunapima oksijeni, tunaangalia matairi, kisha kila kabati tunalifunga kwa lakiri ya plastiki yenye namba. Anayeingia zamu hahesabu vitu 200. Anaangalia lakiri tu. Ikiwa nzima, kabati limejaa. Ikikatika, anajua ni hapo tu pa kuhesabu.

Mwalimu_Nachi
Uingereza kuna jingine la kuchukua. Hapa lipo hilo moja, tena la mfadhili.

Nipo_Leicester
Ni kweli kaka, sikatai. Magari ya ziada siwezi kuwatumia. Lakini lakiri haihitaji gari la pili.

MkungaMstaafu
Wala haihitaji plastiki. Plasta ya kufungia kidonda, kipande kimoja kwenye mlango wa droo, andika tarehe, saa na jina. Sisi tulifanya hivyo kwa trei ya dharura wodini, sijui kwa nini hatukuwaza gari.

Mvuvi_wa_Data_Kilifi
Huku Kilifi tangu ugatuzi wa 2013 ambulensi ni za kaunti. Bado swali ni lile lile, dereva anasema ni ya nesi, nesi anasema ni ya dereva. Yetu ina shida nyingine ya pwani: chumvi. Ukipita ufuoni au ukivuka na feri, usipoiosha chini kwa maji baridi, miaka mitatu sakafu inaachia. Niliona mguu wa machela ukitumbukia kwenye tundu la kutu, mgonjwa akiwa juu yake.

Mzenji_Halisi
Maji baridi au maji matamu? Semeni Kiswahili wenzetu.

Mvuvi_wa_Data_Kilifi
Maji ya bomba, jirani. Unanielewa vizuri.

Mzenji_Halisi
Nakuelewa. Kwetu Unguja tunafanya hivyo hivyo, na chini tunapaka oili chakavu.

FundiGereji_Mwz
Pakeni rangi ya kuzuia kutu, jamani. Oili chakavu inashika mchanga, inalainisha mipira ya chini, na ikirukia breki mtaniita tena.

Dereva_Jamii
Nami niwaambie, wengine wala hatuna ambulensi. Mimi ni dereva wa jamii, namba ya dharura 115 inanipigia nikamchukue mjamzito kijijini kwa Probox yangu ya teksi. Mchana nabeba abiria na kuku, usiku nabeba mama. Mwaka jana mmoja alijifungulia kiti cha nyuma. Nilishika tochi, bibi aliyemsindikiza akapokea. Mtoto wa kiume. Maji ya uzazi yaliingia mpaka kwenye spanji ya kiti. Nilikitoa kiti chote, nikakianika siku mbili, harufu haikutoka mpaka nilipobadili spanji. Sasa kitini nina mpira wa meza wa mita tatu chini ya kanga, na sabuni ya unga kwenye buti. Nataka kujua kama inatosha.

Bi_Famasia
Kaka, unafanya kazi kubwa. Mpira ni sahihi, hakikisha unapanda mpaka juu ya egemeo. Ongeza glavu ndefu, miwani ya plastiki na chupa ya Jik. Klorini itumie kwenye mpira tu, kitambaa cha kiti itakibabua. Kanga yenye damu iloweke peke yake, usiichanganye na nguo za nyumbani.

Chuma_Hakilali
Na mtoto aliitwa nani?

Dereva_Jamii
Walimpa jina langu. Nikipita pale kijijini lazima nishuke.

Kijana_wa_Mbozi
Turudi kwenye geji. Nitajuaje oksijeni inatosha safari? Sisi tunaangalia tu kama mshale haupo kwenye nyekundu.

Nipo_Leicester
Mtungi wa saizi E ukijaa una lita 680. Ukimpa mgonjwa lita 10 kwa dakika, unaisha dakika ya 68. Mshale ukiwa nusu, ni dakika 34. Kama rufaa yenu ni mwendo wa saa mbili, nusu inakufikisha robo ya njia na kidogo tu. Piga hesabu kabla ya kuondoka, usiipige barabarani.

Kijana_wa_Mbozi
Tumekuwa tukitoka na nusu miaka yote.

FundiGereji_Mwz
Na tairi je? Zungusha macho pembeni ya tairi utafute namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la wagonjwa linasimama sana, tairi lina meno mazuri huku mpira umepasukapasuka ubavuni. Watu wanaangalia meno tu.

DerevaWaMasafa
Nimetoka kuangalia sasa hivi. La akiba ni 0814. Nilikuwa nalipiga teke kila asubuhi najua ni zima.

MtuWaZamu
Narudi baada ya siku tisa. Asanteni, kila mmoja.

Godoro: tumempelekea fundi makochi, kashona kava jipya la leza, nilimwambia mishono yote ikae chini, upande wa juu usiwe na tundu hata la sindano. Sponji ya zamani tumeichoma. Plasta ya Mama Mkunga ipo kwenye droo nne, jana usiku nilipanda nikaona tatu nzima na moja imekatwa, nikahesabu hiyo moja tu. Mpira wa mashine ya kufyonzea nauziba kwa kidole gumba kila asubuhi.

Kaunta buku ya kusaini ukaguzi wa gari ndiyo imeleta ubishi. Dereva hasaini kwamba damu imefutwa, muuguzi hasaini kwamba oili imepimwa. Tumechora safu mbili. Dada wa usafi amekubali kuingia garini kwa sharti la glavu za kufika kiwikoni na chanjo ya homa ya ini. Nimepeleka jina lake na la dereva pamoja, dozi ya kwanza wamepata juzi. Mfawidhi yeye anaona chanzo ni bajeti, kwa hiyo Jik ya gari bado inatoka wodi ya wazazi, na wazazi wanalalamika, wana haki.

Kilichobaki ni usiku. Taa ya uani imeungua, anayeosha saa nane anamulika kwa simu, mkono mmoja simu, mmoja kitambaa. Chini ya benchi haoni kitu.

Mwalimu_Nachi
Mimi bado nasema ni matumizi. Lakini hongera.

DerevaWaMasafa
Dada, chini ya benchi ndiko kulikonichoma mimi. Nina taa mbili za kuvaa kichwani, moja siitumii. Naikabidhi kwa kondakta wa basi la Ijumaa, niambie stendi gani.

MtuWaZamu
Nimekuandikia inboksi, kaka.